Laini ya simu na mkono laini: swali kutoka Kondele

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina kibanda hapa Kondele, Kisumu, cha kusajili laini na kutuma pesa. Mbele yake nimeandika "Tunasajili laini". Juzi mteja mmoja, mwalimu wa shule ya upili, aliniambia nifute. Alisema "laini" ni kitu kisicho kigumu, kama kitambaa, na kwamba Kiswahili cha "line" ni "mstari". Je, ni kweli? Na hilo "line" la Kiingereza limetoka wapi hata likawa na maana nyingi namna hiyo?

JIBU: Salamu zimefika, nami nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kushika brashi. Usifute. Mteja wako amesema kweli nusu, na tuanze na hiyo nusu yake.

Kiswahili kina "laini" mbili. Zinaandikwa sawa na kutamkwa sawa, lakini hazina undugu wowote. Ya kwanza ni sifa: mkono laini, sauti laini, ugali uliosongwa ukawa laini. Hiyo ilitoka kwenye Kiarabu layyin, na imekaa nasi miaka mingi hadi ikazaa: kulainisha, kulainika, ulaini. Ya pili ni jina, imetoka kwenye Kiingereza line, na ndiyo unayouza wewe. Kukutana kwa maneno hivyo si jambo geni. Tuna kaa la moto na kaa wa baharini, na sijasikia mtu akimwambia muuza makaa achague jina jingine.

Tena sarufi yenyewe inazitenganisha. Laini ya sifa haipokei kiambishi: kitambaa laini, vitambaa laini, mkeka laini, mikeka laini. Haibadiliki. Laini ya jina imeingia ngeli ya I-ZI na inatawala maneno yanayoifuata: laini hii imefungwa, laini zangu zimefungwa, laini yake mpya haijasajiliwa. Mkenya yeyote anayepoteza simu sokoni husema sentensi hizo bila kufundishwa na mtu. Neno likishapata ngeli na wingi wake vinywani mwa watu, limeshakuwa mwenyeji. Kulikataa kwa sababu lina jina moja na mwenzake ni kulionea.

Sasa hiyo asili. Kuna mmea unaoitwa kitani, ambao nyuzi zake zilifumwa nguo tangu enzi za Mafarao. Warumi waliuita linum, na uzi uliosokotwa kwa nyuzi zake wakauita linea. Neno hilo lilipitia Kifaransa, likakutana na jamaa yake aliyekuwa katika Kiingereza cha kale akiwa na maana ya kamba, wakawa kitu kimoja: line. Kwa hiyo kabla ya kuwa alama kwenye karatasi, line ilikuwa uzi, kitu cha kushikwa kwa mkono.

Uzi uligeukaje kuwa mstari? Jibu nililiona kwa macho yangu hapa Nakuru, jirani alipokuwa akianza kujenga. Fundi alipigilia vigingi viwili, akafunga uzi kwenye kimoja, akauvuta hadi kingine na kuukaza mpaka ukavuma alipoudunda kwa kidole. Kisha akapita na konzi ya chokaa akiimwaga taratibu juu ya uzi, hatua kwa hatua, kutoka kigingi hadi kigingi. Alipoukunja uzi wake na kuutia mfukoni, chini pakabaki weupe ulionyooka. Uzi umekwenda, njia yake imebaki. Watu wa kale walifanya vivyo hivyo, na wakaipa ile alama jina la uzi ulioiacha.

Ukishika kwamba mzizi ni uzi wa kitani, maana nyingine zote zinaanza kuonekana jamaa. Kamba ya kuanikia nguo, line. Uzi wa kuvulia samaki, line. Watu waliojipanga mmoja nyuma ya mwingine kama shanga kwenye uzi, line. Kizazi kinachoungana na kizazi, line. Hata kile kitambaa cha ndani ya koti. Nenda kwa fundi cherehani yeyote pale soko la Kibuye umwambie akushonee koti, atakuuliza kama unataka "laining". Neno hilo nalo latoka kwenye kitani, kwa kuwa nguo za Wazungu ziliwekwa kitani upande wa ndani ili zisikwaruze mwili. Kiswahili chake ni bitana, neno zuri ambalo naona uchungu kulisikia likififia huku kwetu. Kwa hiyo laini yako ya Kondele na bitana ya fundi wa Kibuye, ukizifuata hadi kwenye mizizi ya Kiingereza chake, ni watoto wa mmea mmoja.

Simu ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Mawasiliano ya mbali yalipoanza, ujumbe ulipita kwenye waya, na Waingereza wakauita waya huo line, uzi. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mahali ambapo leo ni Kisumu na wakati huo paliitwa Port Florence, waya wa telegrafu ulifuatana nayo. Waswahili waliuitaje? Simu. Na simu ni neno la Kiajemi, sim, ambalo maana yake ni fedha ile ya madini, na pia waya. Wazee waliosema "amepeleka simu" walikuwa wakizungumzia telegramu kabla ya mtu yeyote kuweka kipokezi sikioni. Basi tazama ulichoandika kwenye bango lako. Ukisema "laini ya simu", kwa asili ya maneno umesema "uzi wa waya". Leo hakuna uzi wala waya. Unamenya kijipande kidogo kutoka kwenye kadi ya plastiki kwa ukucha, unakitia ndani ya simu, mtu anaongea na nduguye aliye Busia. Maneno yamekaa, vitu vimeondoka chini yake.

Ongeza hili, maana najua litakuja: herufi za SIM kwenye kadi si simu yetu. Ni kifupisho cha Kiingereza cha kifaa kinachomtambulisha mwenye namba, na kadi za kwanza zilitengenezwa Ujerumani mwaka 1991 kwa ajili ya kampuni ya Ufini. Kufanana kwake na neno letu la Kiajemi ni sadfa tupu. Ukisema "simkadi" au "kadi ya simu" hujakosea, lakini laini imewashinda wote kwa wateja, huku kwetu na hata Tanzania.

Mteja wako anasema "line" ni "mstari". Ndiyo, mahali fulani. Mstari ni alama iliyochorwa au maneno yaliyofuatana kwenye ukurasa. Lina shina la Kiarabu linalohusu maandishi yaliyopangwa, na sisi tukaichukua ile "m" yake tukaifanya kiambishi cha ngeli, tukapata mistari. Kwa hiyo sema mstari wa daftari na mstari wa Ikweta, ule uliowekewa alama pale Maseno barabara ya kwenda Busia. (Kiarabu kina neno jingine la mstari, khatt, ambalo pia ni mwandiko. Kwetu likawa hati. Unaona watu wa lugha mbalimbali walivyotembea njia moja kutoka kwenye mstari hadi kwenye barua.)

Lakini mstari haukupewa kazi zote za line, na hapa ndipo ninapogombana na tafsiri za siku hizi. Niliwahi kuona bango lililoandikwa kwa pesa nyingi, likimwambia mama aliyeshambuliwa nyumbani kwake apige "mstari wetu wa msaada". Mama huyo apige mstari kwa rula? Alipaswa kuambiwa apige "simu ya msaada" au apewe "nambari ya msaada". Mwandishi alitafsiri neno akamsahau mtu anayesoma, na mtu huyo ana haraka na ana hofu. Kosa hilo linaniuma kuliko laini elfu moja za Kondele.

Watu wakijipanga benki, ni foleni. Na foleni nayo si ya bibi na babu: ni amri ya gwaride la Kiingereza, "fall in", iliyomwamrisha askari ajipange. Ukitaka neno la Kibantu, kuna mlolongo, ingawa kwa Wakenya wa umri wangu neno hilo lina kovu. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU mwaka 1988, wapigakura walipangwa nyuma ya wagombea au mawakala wao mchana kweupe, badala ya kupiga kura ya siri, na mpaka leo ukitaja "kura ya mlolongo" mzee hahitaji kuelezwa zaidi.

Mvuvi wa Dunga akishika uzi wenye ndoano, Kiswahili chake ni mshipi, neno lilelile la mkanda wa kiunoni. Mahindi na wachezaji hupangwa kwa safu. Mshairi ana mshororo, na mwanafunzi anayeandika "mstari" katika mtihani wa ushairi ananyima jibu lake uzito. Ukoo hauna mstari, una nasaba.

Na "deadline" je, maana vijana wananiuliza kila mara? Hiyo ilikuwa line ya kweli, iliyowekwa ndani ya magereza ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, miaka ya 1860. Mfungwa akiivuka, alipigwa risasi. Watangazaji wetu wametupatia "makataa", na nawapongeza. Ukilisikia tu, unasikia kukata ndani yake.

Sasa turudi kibandani. Ukipata nafasi ya kupaka rangi upya, usifute neno, ongeza mawili: "Tunasajili laini za simu." Ile "za" ndiyo itakayomjibu mwalimu wa shule ya upili, kwa kuwa laini ya kitambaa haijawahi kuwa na "za".