Gari limelala lupangoni: maswali yenu juu ya batri

Maswali ya safari hii karibu yote yanagusa jambo moja: gari linakaa lupangoni, yaani uani nyumbani, siku nyingi, na siku mwenyewe analihitaji, haliwaki. Nimeyajibu kadiri yalivyofika.

Papa, ninafanya kazi Kolwezi na ninarudi Lubumbashi kila baada ya majuma matatu. Gari linabaki nyumbani, Bel-Air. Kila nikirudi, stata inagonga tak-tak tu. Batri niliinunua mpya mwaka huu. Je, niliuziwa mbovu?

Inawezekana, ndugu yangu, lakini usimwendee muuzaji kabla ya kupima. Gari lililozimwa halilali kabisa. Saa, kumbukumbu ya redio, alamu na kompyuta ya injini vinaendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Kwa gari zima, kiasi hicho kwa kawaida hakipiti miliampea 50. Piga hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Kwa siku 21 ni ampea-saa 25. Batri ya gari dogo ikijaa ina ampea-saa 45 hivi. Kwa hiyo zaidi ya nusu inaweza kwenda bila kitu chochote kuharibika. Na magari mengi tunayoletewa kutoka Japani hufungiwa vitu vingine yakishafika: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio kubwa. Waya mmoja ukiunganishwa pasipo pake, batri inaisha ndani ya siku chache.

Mwite fundi wa umeme. Akitoa waya wa hasi, aweke mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha batri, milango ikiwa imefungwa, na asubiri nusu saa ili kompyuta za gari zitulie. Mita ikizidi miliampea 50, atoe fyuzi moja moja mpaka namba ishuke: hapo ndipo mwizi alipo. Asijaribu kuwasha gari mita ikiwa bado imefungwa, itaungua.

Naomba wote mlielewe hili, kwa sababu nimeona batri nyingi nzuri zikitupwa bure. Batri haiharibiwi na kupumzika. Inaharibiwa na kupumzika ikiwa tupu. Tangu Mfaransa Gaston Planté alipoitengeneza mwaka 1859, kanuni yake ni ile ile: mabamba ya madini ya risasi ndani ya asidi ya salfa. Umeme unapotoka, mabamba yanashika ukoko wa salfeti. Ukichaji mapema, ukoko unarudi kwenye asidi. Ukiuacha majuma kadhaa, unakomaa na kuwa fuwele ngumu, na sehemu hiyo ya bamba imekufa. Ndiyo maana batri mpya inaweza kuwa nzee kabla ya mwaka kwisha.

Nunua mita ndogo ya volti. Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikifika 12.0, iko hatarini. Mimi siachi batri ilale chini ya 12.4.

Mume wangu yuko safarini. Mtoto wangu anawasha gari kila asubuhi dakika tano halafu analizima. Inatosha?

Hapana, Mama, ingawa kijana ana nia njema. Injini ikizunguka polepole, alternata, ile inayochaji batri, inatoa umeme kidogo, na batri nayo inapokea taratibu. Umeme hauwezi kumiminwa kama maji kwenye ndoo. Dakika tano zinarudisha kile stata ilichokula, pengine na kidogo juu yake, lakini si kilichopotea siku nzima. Isitoshe, injini haipati joto, na unyevu unabaki ndani ya oili na bomba la moshi. Mwambie aache hiyo ya kila siku. Mara moja kwa juma, mtu mwenye leseni alitembeze dakika 30 au 40 mfululizo, kwa mfano atoke kidogo na barabara ya Likasi na kurudi, bila kuwasha kiyoyozi. Injini ikiwa inafanya kazi, mita kwenye batri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, tatizo ni alternata au mkanda wake.

Ni kweli batri ikiwekwa chini kwenye sementi inaisha?

Si kweli tena. Zamani makasha ya batri yalikuwa ya mbao na mpira na yalipitisha unyevu. Haya ya plastiki hayana shida hiyo. Iweke tu mbali na watoto.

Umeme ukikatika natoa batri ya gari ili tupate taa na televisheni. Gari silitumii sana. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Najua giza la Katuba na Ruashi lilivyo, sikulaumu. Lakini batri ya gari ina mabamba membamba, mengi, yaliyotengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa tena papo hapo. Televisheni inainyonya polepole hadi chini kabisa, na batri ya namna hiyo haivumilii kushushwa hivyo mara nyingi. Baada ya miezi michache utakosa taa na utakosa gari. Kwa nyumba, tafuta batri ya sola yenye mabamba mazito. Kama leo huna namna, taa za LED peke yake, na uzizime mita ikifika 12.2. Kesho yake chaji mpaka ijae.

Yaya, batri yangu imepungua maji. Kijana mmoja ananiuzia asidi, anasema ni ile ile ya migodini. Niongeze?

Usiongeze! Hapa kwetu asidi ya salfa inapita barabarani kwa malori kwenda kuyeyusha shaba kwenye mawe, kwa hiyo watu wameizoea kuliko inavyostahili. Kwanza, kilichopungua ndani ya batri ni maji, asidi imebaki. Ukiongeza asidi inakuwa kali mno na kula mabamba. Pili, asidi ya viwandani inaweza kuwa na chuma na uchafu mwingine, na uchafu huo unaimaliza batri hata ikiwa imekaa tu. Tia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya batri. Ya bomba na ya kisima yana chumvi. Yafunike mabamba kwa kama sentimita moja, basi. Tone likiingia jichoni, osha kwa maji mengi si chini ya dakika 15, halafu hospitali moja kwa moja.

Kwa nini batri inakufa mwezi wa saba tu, kwenye baridi?

Huwa imeugua tangu joto la Oktoba. Joto ndilo linalokula batri. Baridi ya Julai inaifanya oili kuwa nzito na kupunguza nguvu ya batri, kwa hiyo udhaifu unaonekana hapo.

Ninaondoka miezi minne. Nifanye nini, na nianze na waya upi?

Ichaji ijae kabisa, kwa chaja ya ampea nne au tano, mahali penye hewa na pasipo moto wala sigara, maana inatoa gesi ya hidrojeni. Kisha anza na waya wa hasi. Ukianza na wa chanya, spana ikigusa bodi, cheche zitaruka. Ukirudi, hasi unaifunga mwisho. Andika kwanza namba ya siri ya redio, kama ipo.

Batri iliyotenganishwa bado inapungua asilimia chache kila mwezi, kwa hiyo mwachie ndugu chaja, aijaze baada ya miezi miwili. Au funga paneli ndogo ya sola ya wati 10 au 20, lakini pamoja na kidhibiti chaji chake. Paneli iliyounganishwa moja kwa moja itaikausha maji juani. Na safisha vichwa kabla ya kuondoka: baking soda kwenye maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani, futa vikauke, paka vaselini.