Mbeya mpaka Nairobi kwa roki nzito: nenda, ila angalia unasimama wapi

Mkuu, umeuliza kama inafaa kufunga safari kutoka Mbeya mpaka Nairobi kwa usiku mmoja wa roki nzito, bendi tano, na muziki wenyewe umezoea kuusikia kwenye simu. Inafaa. Mimi nilikwenda kwa basi: Mbeya, Iringa, Dodoma, nikalala Arusha, kesho yake nikavuka Namanga. Nilifika miguu imevimba, na leo ukiniambia twende tena, nafunga begi.

Simu haina besi, hilo ndilo kubwa. Nimekulia Tukuyu, na ing'oma ya Kinyakyusa ukiikaribia huisikii kwa masikio tu, inakupiga kifuani. Kule Nairobi mpiga dramu alipoanza kukanyaga pedali kwa miguu yote miwili, nilishika shati langu nikakuta kitambaa kinatetemeka. Nikakumbuka nyumbani papo hapo. Magitaa nayo hulegezwa nyuzi ili yatoe sauti nzito. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, kijana wa Birmingham kule Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimpe tabu. Wengi wamemfuata mpaka leo.

Sasa nilipokosea. Bendi mbili za mwanzo nilisimama mbele kabisa, ubavuni mwa spika. Sikupata hata neno moja la mwimbaji, ni mvumo mtupu, nikadhani bendi ndiyo mbovu. Ya tatu nikarudi nyuma mpaka karibu na meza ya fundi mitambo. Loo! Gitaa moja huku, jingine kule, mwimbaji katikati, na hata anaponguruma maneno nayasikia. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo inapomkaa vizuri yeye, na wewe uliye jirani yake inakukaa. Ile bendi ya pili, waliokuwa nyuma waliisifu kuliko zote. Mimi nilikuwa ukumbini humohumo na sikuisikia. Inaniuma mpaka leo.

Masikio yalinilia siku mbili. Nunua viziba masikio kabla hujaondoka, usibahatishe. Kipimo cha usalama wa masikio kinachotumika sana kinasema sauti ya desibeli 85 (desibeli ndizo hupima ukali wa sauti) mwisho wake ni saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu, kwa hiyo zikifika 100 una dakika 15 tu. Wewe utakuwa pale kwa bendi tano.

Lile duara la watu wanaosukumana lisikutishe. Nilianguka humo kwenye bendi ya nne, na kabla sijajua nimeangukaje nilishanyanyuliwa kwa makwapa. Mmoja akaokota kiatu changu, akakiinua juu ya vichwa mpaka nikakiona. Hakuna aliyenikanyaga.

Kabla ya safari wasikilize Duma, wale wawili wa Nairobi walioachia albamu yao 2020 kupitia lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni wakali mno, masikio yako yatapata mazoezi.

Na beba koti. Sisi wa Mbeya baridi tunaijua, lakini kutoka ukumbini saa nane usiku umelowa jasho, halafu usimame barabarani kusubiri bodaboda, ni baridi ya namna nyingine kabisa.