Maswali na majibu: Ulutheri ulipataje ulinzi wa watawala?

Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, alitangazwa mhalifu asiye na ulinzi wa sheria na Bunge la Dola mjini Worms, Ujerumani, mwaka 1521. Mbona hakukamatwa?

Amri ya Karl V, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi lililojumuisha majimbo ya Ujerumani, ilitegemea watawala wa majimbo kuitekeleza, na mtawala wa Luther, Friedrich wa Saksonia, ndiye aliyemficha katika ngome ya Wartburg. Friedrich alikuwa mmoja wa wale saba wenye kura ya kumchagua Kaisari. Mtu wa namna hiyo hakaripiwi ovyo. Kisha Karl akaondoka Ujerumani, asirudi hadi 1530.

Nchi ya kwanza ya Kilutheri ni Saksonia?

Ni Prussia. Mwaka 1525 Albrecht, mkuu wa shirika la watawa wapiganaji lililoitawala, aliacha utawa, akaifanya nchi milki ya ukoo wake, akamwapia mfalme wa Poland huko Krakow.

Jina "Waprotestanti" lilitoka wapi?

Mjini Speyer. Mwaka 1526 Bunge la Dola lilisema huko kila mtawala atende kama atakavyoweza kujibu mbele ya Mungu na Kaisari. Yalikuwa maneno ya kupoza mambo tu, lakini Saksonia iliyashika: ikatuma wakaguzi parokia kwa parokia, wakihoji wachungaji na kukagua mapato. Mwaka 1529 wengi bungeni wakaufuta uamuzi huo. Watawala 6 na miji 14 wakaweka pingamizi, kwa Kilatini *protestatio*.

Karl alikuwa na nguvu. Kwa nini alingoja hadi 1546 kuwapiga?

Waturuki. Sultani wao Suleiman aliizingira Vienna mwaka 1529, na fedha za kumzuia zilipitishwa na Bunge lilelile walimokaa Walutheri. Wakabana: amani kwanza, msaada baadaye. Amani hiyo waliipata mjini Nuremberg mwaka 1532, wakiwa tayari wameunda Muungano wa Schmalkalden, wa kujihami, ambao wanachama wake walichangia fedha na askari. Karl alipatana na Ufaransa mwaka 1544, na mwaka uliofuata akasimamisha vita na Waturuki. Ndipo akapata nafasi. Mwaka 1547 aliwashinda katika pigano la Mühlberg, akamteka mtawala wa Saksonia. Kosa lake ni kumpa Moritz, binamu wa mateka huyo na Mlutheri pia, cheo cha mateka; mwaka 1552 Moritz alimgeuka kwa fedha za Ufaransa. Karl alitoroka Innsbruck.

Mkataba wa Augsburg wa 1555 ulileta uhuru wa dini?

Kwa mtawala tu. Alichagua Ukatoliki au Ungamo la Augsburg, yaani tamko la imani la Walutheri la 1530, ambalo KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) inalikiri hadi leo. Wafuasi wa Calvin, mwanamageuzi mwingine wa Kiprotestanti, waliachwa nje. Raia asiyeafiki aliruhusiwa kuuza mali na kuhama. Kifungu kilichozua balaa kilihusu askofu aliye pia mtawala: akigeuka Mlutheri, anaacha cheo na ardhi. Walutheri hawakukiridhia, lakini Ferdinand, ndugu wa Karl, alikiingiza kwa mamlaka yake. Askofu mkuu wa Köln alipogeuka, akaoa mwaka 1583 na kung'ang'ania kiti, vita vilizuka, akang'olewa.