Jibu: Vibao vya usalama kwa duka dogo Malindi

Dada, umeuliza kama karatasi moja ya "KUTOKA" yatosha kwa duka lako la rejareja, na wauza gesi na sigara pia. Haitoshi.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yagusa hata duka dogo lenye mfanyakazi mmoja. Mlango wa dharura uwekwe alama inayosomeka, na usizibwe na magunia ya mchele (hapa ndipo wengi twakosea, nami nimo). Kibao chake huwa kijani chenye maandishi meupe. Mtungi wa kuzimia moto nao uonyeshwe kwa kibao chekundu juu yake, watu wauone hata kukiwa na foleni. Kwenye mitungi ya gesi bandika katazo la moto na sigara. Manjano ni ya tahadhari, mfano umeme.

Kwa kuwa wauza sigara, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 yataka tangazo kwamba haziuzwi kwa walio chini ya miaka 18.

Na karatasi achana nayo. Jua na chumvi ya bahari ya kwetu zaifuta upesi. Chukua plastiki ngumu.