Kusoma muziki Ujerumani: mtihani wa sikio ndio unaowakwamisha wengi

Mdogo wangu, umeuliza kama mpiga fidla wa taarab aliyemaliza kidato cha sita anaweza kupata chuo cha muziki Ujerumani, na gharama zake zikoje. Anaweza. Mimi nilitoka Unguja na fidla ya taarab, nikasoma huko mpaka nikamaliza.

Pesa kwanza. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada, unalipa mchango mdogo wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti: tangu 2017 wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa yuro 1,500 kwa muhula. Mzigo mkubwa ni viza. Kwa kiwango cha tangu Septemba 2024, unatakiwa uwe na yuro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyozuiliwa, na ukishafika unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Kaa na wazee mlizungumze hilo mapema.

Sasa mtihani wa kujiunga. Wengi wetu tunajiandaa kwa ala peke yake, kumbe kuna nadharia, kuna mtihani wa sikio, na vyuo vingi humtaka hata mpiga fidla apige piano kidogo. Kwenye sikio unapewa karatasi ya nota. Mwalimu anapiga sauti mbili, wewe unaandika umbali kati yake, yaani moja iko juu ya nyingine kwa kiasi gani. Halafu anapiga sauti tatu kwa pamoja. Halafu melodi fupi, anairudia mara chache, na unatakiwa uiandike yote. Sisi tuliolelewa na maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, tuna kazi ya ziada hapa. Ile sauti ya tatu ya maqam iitwayo Rast inakaa katikati ya ya tatu kubwa (kama do hadi mi) na ya tatu ndogo (kama re hadi fa), na piano haina sauti hiyo. Sikio lako si bovu hata kidogo, linajua kingine. Dawa iliyonisaidia ni kuimba: piga sauti moja kwenye kinanda, imba ya tatu kubwa kwa mdomo, ndipo uguse kinanda uhakikishe. Kisha ndogo. Fanya hivyo kila asubuhi hadi usibahatishe tena. Ukiwa Unguja, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy wanafundisha nota. Usione haya kuanza darasa moja na watoto.

Jambo la pili, mwandikie mwalimu unayetaka akufundishe, mtumie video, umwombe somo la majaribio kabla ya mtihani. Nafasi zinakwenda kwa darasa la mwalimu. Darasa lake likijaa, unaweza kufaulu na bado ukakosa nafasi. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona vijana wenye mikono mizuri sana wakirudishwa hivyohivyo.

Na taarab usiiache. Kama unapiga na udi (ile ala ya nyuzi), angalia Popakademie, chuo cha muziki cha mji wa Mannheim, wana shahada ya muziki wa dunia na udi umo.

Fidla yako ilinde. Wakati wa baridi, hita hukausha hewa ya chumba. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani hunywea, gundi huachia, vigingi vinateleza. Nunua kitunza unyevu cha kuweka ndani ya kasha, bei yake ni ndogo kuliko fundi.

Kijerumani anza sasa hivi. Vyuo vingi vinataka B1 au B2, yaani viwango vya kati vya lugha, na Goethe-Institut, kituo cha lugha ya Kijerumani cha Dar es Salaam, wana madarasa na mitihani.