Mtoto wa awali hajajua kusoma, nimtafutie tuisheni?

Dada, tuisheni ya nini kwa mtoto wa miaka mitano? Kusoma sentensi ni kazi ya darasa la kwanza na la pili. Awali anajifunza irabu, a e i o u, halafu sauti: "m" na "a" zinatoa "ma", mpaka afike "mama". Kuandika kunaanzia vidoleni: kufinyanga udongo, kuchora mawimbi, kufuatisha nukta.

Hesabu ndiyo wazazi wengi tunaikosea, tunafurahia mtoto akiimba moja mpaka ishirini kama kasuku. Hapa Dodoma kokwa za ubuyu hazikosekani. Mpe rundo, mwambie akupe nne. Akikukabidhi nne kweli, anajua namba. Kisha ongeza moja, muulize zimekuwa ngapi. Punguza mbili, muulize zimebaki ngapi. Dakika kumi zinatosha, akichoka mwache akacheze.

Akigeuza b ikawa d usimchape, umri huo ni kawaida kabisa. Ila ukimwita kwa nyuma asisikie, au akisogelea mno kitabu ndipo aone, mpeleke akapimwe masikio na macho.