Mwalimu wa yoga naye ana mkeka wake

Katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha yoga hapa Mombasa nilikuwa na madarasa 13 kwa wiki. Mtu akiniuliza kama nina mazoezi yangu mwenyewe, nilimjibu kwamba nafanya kila siku, na niliamini hivyo. Kumbe kazi yangu ilikuwa kuonyesha: nusu ya mkao, upande wa kulia tu, mwili haujapata moto, macho kwa wanafunzi na pumzi yote imeishia kwenye maelezo.

Maumivu yalianzia chini ya tako la kulia, pale msuli wa nyuma ya paja unaposhikana na mfupa wa kukalia. Darasani sikuyasikia sana. Yalinijia kwenye kiti cha matatu, kwenye ngazi, nikiinama kufua. Hapo nikafanya kosa ambalo nakuomba, mwalimu mwenzangu, usilirudie: nilidhani msuli umekaza, nikazidi kuunyoosha kila asubuhi. Kano iliyochokozwa kwa kuvutwa haiponi kwa kuvutwa zaidi. Mtaalamu wa viungo alinikataza kabisa kuinama mbele, akanipa kazi ya kuujengea msuli nguvu: kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua nyonga polepole, kwanza kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja. Ilichukua miezi minane.

Katika miezi hiyo niliirudia sutra, yaani aya fupi ya mafundisho ya yoga, niliyoikariri zamani kwa ajili ya mtihani. Patanjali, mwandishi wa kale wa India, ana sutra karibu 200, na mikao ameifafanua katika tatu tu. Ya kwanza kati ya hizo yasema mkao uwe thabiti, tena wenye raha. Niliwasomea wanafunzi maneno hayo mara nyingi, na mwili wangu haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Siku hizi nafundisha kwa mdomo zaidi. Nikilazimika kuonyesha, leo ni kushoto, kesho kulia, na nimefika robo saa mapema kuupasha mwili moto. Madarasa nimeyapunguza hadi tisa. Kodi ya nyumba haisubiri, hilo nalijua vizuri, kwa hiyo nilipandisha ada ya masomo ya mtu mmoja mmoja. Wawili waliondoka, wengine wakabaki.

Mkeka wangu mwenyewe naufungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla simu haijawashwa. Dakika 25 zinatosha. Siupangi mfululizo wowote, kwa sababu nikianza kupanga tu, tayari nawaza darasa. Nalala chali kwanza, nasikiliza pumzi imefika wapi. Kuna siku nafanya salamu za jua, ule mfululizo wa mikao ya kuinama na kuinuka, na kuna siku naweka miguu ukutani tu. Leso kuukuu ndiyo mkanda wangu: naipitisha kwenye unyayo, nashika ncha zake mbili, mguu unainuka bila bega kung'ang'ana. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga aliyefundisha Pune, India, hadi uzeeni na kufariki mwaka 2014, alitumia mablanketi, mikanda na viti ili mwili uufikie mkao bila kuumizwa. Usimwache yeyote akuambie kwamba vifaa ni vya wanagenzi.

Wafuasi wa Ashtanga, mtindo wa yoga wa mji wa Mysore huko India, hawafanyi mazoezi siku ya mwezi mpevu wala mwezi mwandamo. Mimi sifundishi Ashtanga, lakini desturi hiyo nimeiazima. Pwani mwezi mpevu huonekana wazi, basi sina kisingizio cha kusahau. Siku hiyo nakula, nalala, natembelea watu.

Na kila Alhamisi nakwenda darasani kwa mwalimu mwingine, nakaa safu ya nyuma. Anaposema tulale savasana, mkao wa kupumzika chali mwisho wa darasa, najifunika leso mpaka kidevuni na kufumba macho. Kwa dakika kumi hakuna mgongo wa mtu ninaoukagua.